Sura ya Tano: Je, Ndege Huchoka Kuimba?

Anayepanda kutoka Morogoro mjini kwenda Morningside alfajiri hulikuta swali hili njiani, hata kama hakuondoka nyumbani na nia ya kuuliza chochote. Mjini majogoo wameanza tangu saa kumi usiku. Kwenye migomba ya mlimani chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, wanalia bila kupumzika. Ukilipita jengo la Morningside, la enzi ya Wajerumani, na kukaribia msitu, kuna ndege usiyemwona anayerudia mluzi uleule mpaka jua linatoka. Watoto huuliza waziwazi kuliko watu wazima: sasa huyu anakula saa ngapi? Koo halimkauki? Hachoki?

Ni swali zuri, na wanasayansi wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Jibu ninalolitetea katika sura hii ni kwamba sauti yenyewe humgharimu ndege kidogo sana. Kinachomgharimu ni muda, na ndege mdogo wa mlimani hana muda wa kuchezea.

Gharama ya kukaa tu

Hatuwezi kujua kama kuimba ni ghali mpaka tujue kutoimba kunagharimu nini. Ndege aliyetulia kijitini, hasogei, hana baridi wala joto, bado anatumia nishati. Moyo unadunda, ubongo unafanya kazi, mwili unajipasha. Wataalamu huiita nishati hiyo umetaboli wa msingi. Mimi nitaiita gharama ya kukaa, kwa sababu ndivyo ilivyo: ni bei ya kuwa hai bila kufanya lolote.

Kila kazi nyingine hulinganishwa na gharama hiyo. Kuruka kwa kupiga mabawa huipandisha mara kumi hivi. Swali letu basi linakuwa jepesi kuliuliza: kuimba huipandisha mara ngapi?

Kuna njia kuu mbili za kupima.

- Ya kwanza ni kisanduku. Ndege anawekwa ndani ya chombo chenye hewa inayoingia na kutoka, na mtambo unapima oksijeni aliyoitumia. Mwili huchoma chakula kwa oksijeni, na kila lita moja inayotumika ni karibu kilokalori 5 zilizochomwa.
- Ya pili ni maji yenye alama. Ndege anadungwa maji ambayo haidrojeni na oksijeni zake ni nzito kidogo kuliko za kawaida, kisha anaachiwa aende zake. Akikamatwa tena baada ya siku moja au zaidi, tone la damu linaonyesha alama hizo zimepungua kwa kasi gani, na hapo hupatikana jumla ya nishati aliyoitumia akiwa huru porini.

Zishike njia hizi mbili akilini. Mabishano mengi tutakayoyaona yametokana na kwamba kila moja inajibu swali lake.

Jogoo ndani ya kisanduku

Tuanze na ndege ambaye kila mtu wa Morogoro amelala karibu naye. Mtazame jogoo anapowika. Husimama wima, hurefusha shingo mpaka manyoya yake yanaachana, hufumba macho, hupanua mdomo wote, na mwili mzima hukaza kuanzia kifuani hadi mkiani. Akimaliza huonekana kama mtu aliyetua mzigo. Mwaka 2018 watafiti wa Ubelgiji walipima sauti ya jogoo karibu kabisa na sikio lake mwenyewe wakakuta inapita desibeli 130. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na kiwango hicho huumiza sikio la binadamu. Jogoo hapati uziwi kwa sababu mdomo wake ukipanuka mfereji wa sikio hujifunga.

Mtu akiitazama kazi hiyo atasema lazima inamchosha. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la California, yalipima kila moja kwa njia yake. La Kanada lilitumia kuku wa kufugwa. La California lilitumia kuku mwekundu wa msitu wa Asia, ambaye ndiye babu wa kuku wetu wote. Majibu yalikutana: kuwika kunaongeza matumizi ya oksijeni kidogo mno, na ukijumlisha siku nzima nishati ya kuwika ni sehemu ndogo sana ya chakula cha jogoo.

Mwaka mmoja kabla, Laurie Eberhardt wa Marekani alikuwa ametoa jibu tofauti kabisa. Alipima ndege mdogo wa kahawia wa nchini kwake, akasema kuimba kunapandisha gharama ya kukaa mara kadhaa. Taarifa hiyo ilizua ubishi, na wengine wakapima tena. Mwaka 2001 Kerstin Oberweger na Franz Goller walipima ndege wa aina tatu: chiriku wa kufugwa, kwezi wa Ulaya, na ndege mdogo wa Australia anayependwa sana maabara. Wote walitumia oksijeni zaidi walipoimba, lakini ongezeko halikufika hata nusu ya gharama ya kukaa. Vipimo vilivyofuata vikaegemea upande huohuo. Mtu tunayemsema kwamba anaongea kama chiriku huenda akatuchosha sisi kabla hajachoka yeye, na chiriku mwenyewe ndivyo alivyo.

Linganisha na chura. Chura dume anayeita usiku hutumia misuli mikubwa ya kiwiliwili kusukuma hewa, na baadhi ya spishi zilizopimwa hupandisha matumizi yao ya oksijeni mara kumi na zaidi. Kwa chura, kuita ni kazi nzito kuliko zote anazofanya maishani. Ndege amepewa chombo cha aina nyingine.

Chombo chenyewe

Binadamu hutoa sauti kwenye zoloto, juu ya koo. Ndege hutoa sauti chini kabisa, kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea kwenye mapafu mawili. Kiungo hicho huitwa sirinksi. Kwa kuwa kinakaa kwenye njia panda, kina pande mbili, na ndege wengi waimbaji wanaweza kutoa sauti moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukisikiliza msituni unaweza kuapa kwamba ni ndege wawili, kumbe mmoja.

Misuli ya sirinksi ni midogo sana, na ni miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa kuliko yote kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kazi ya kusukuma hewa hufanywa na misuli ileile ya kupumua, ambayo ingefanya kazi hata kama ndege angekaa kimya. Tena ndege ana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na anapoimba kwa haraka huvuta pumzi fupifupi katikati ya sauti moja na nyingine. Chiriku anaweza kufanya hivyo karibu mara 30 kwa sekunde moja. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini haishiwi pumzi: hasimamishi kupumua ili aimbe, bali anaimba kwa pumzi ambazo angezivuta hata hivyo.

*Kwa ufupi: kuruka ni ghali, kuimba ni rahisi. Chura hulipa sana kwa sauti yake, ndege hulipa kidogo.*

Kama mambo yangeishia hapa, sura hii ingekuwa fupi. Lakini ndege hawaishi kwenye visanduku.

Hesabu ya chozi wa Naivasha

Mfano bora wa hesabu za ndege ninaoujua haukutoka Ulaya. Ulitoka Kenya, karibu na Naivasha, ambako Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimfuatilia chozi mwenye mabawa ya rangi ya dhahabu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1975, na hadi leo wanafunzi wa biolojia duniani kote hufundishwa kwayo.

Chozi huyo hunywa nekta (maji matamu ya maua) ya mmea wa porini wenye maua ya rangi ya chungwa, ambayo hujikusanya kama mafundo kuuzunguka mmea, fundo juu ya fundo. Baadhi ya chozi walishika himaya, yaani kipande cha vichaka wanachokilinda dhidi ya chozi wengine. Himaya ya kawaida ilikuwa na maua kama 1,600. Ukubwa wa eneo ulitofautiana sana, lakini idadi ya maua ilibaki karibu palepale, kana kwamba ndege amekaa na kuhesabu.

Matumizi yake kwa saa yalikuwa hivi:

- kukaa kijitini: kalori 400
- kunywa kwenye maua: kalori 1,000
- kuwafukuza wengine: kalori 3,000

Kalori hizi ni ndogo. Elfu moja yake ndiyo kilokalori moja, ile inayoandikwa nyuma ya pakiti ya biskuti.

Sasa fuata hesabu. Kwenye maua yasiyolindwa, yanayonywewa na kila mpita njia, kila ua linabaki na nekta kidogo. Ikiwa ni mikrolita 2 kwa ua, chozi anahitaji saa 4 za kunywa ili atosheke kwa siku. Akilinda maua yake, nekta hujikusanya. Ikifika mikrolita 3, anamaliza kwa saa 2 na dakika 42. Ameokoa saa moja na dakika 18 za kuhangaika, na kwa kila saa anayokaa badala ya kuhangaika anaokoa kalori 600. Jumla ni karibu kalori 780. Lakini ulinzi nao una bei yake. Alitumia kama dakika 17 kwa siku kufukuza, na hizo zilimgharimu kalori 728 zaidi ya ambazo angetumia kama angekaa. Faida iliyobaki ni kalori 52.

Kalori 52 ni punje chache za sukari kwenye ncha ya kidole. Ndege huyu anaishi kwa tofauti ya namna hiyo. Nikiwaona chozi wa Morogoro wakikimbizana juu ya maua ya migomba, huwa nakumbuka kwamba hakuna mchezo pale.

Hapo ndipo sauti inapopata thamani yake. Tuseme kuimba kunaongeza theluthi moja juu ya gharama ya kukaa, jambo ambalo tayari ni ukarimu. Saa nzima ya kuimba itamwongezea chozi wa namna hii kalori 133. Saa nzima ya kufukuza inamwongezea 2,600, karibu mara 20. Jirani akisikia sauti na kugeuza njia, mwenye maua ameokoa mbio zote zile. Majogoo wa uani wanafanya vivyo hivyo. Watafiti wa Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2015 kwamba majogoo wanaoishi pamoja huwika kwa zamu ya ukubwa: mkubwa wao anaanza, wengine wanafuata kwa ngazi. Sisi tunaosikia "jogoo la kwanza" tunasikia nani mwenye uwanja, na hakuna damu iliyomwagika.

Mbona basi porini kuimba kunaonekana ghali?

Dennis Hasselquist na Staffan Bensch walikwenda na maji yenye alama kwenye matete ya Uswidi, kwa ndege mmoja wa huko anayeimba karibu kutwa nzima anapotafuta jike. Mwaka 2008 walitangaza walichokiona: madume yaliyoimba sana yalitumia nishati nyingi zaidi kwa siku kuliko yale yaliyoimba kidogo. Kisanduku kinasema kuimba ni rahisi, maji yenye alama yanasema ni ghali.

Sioni kwamba mmoja amekosea. Kisanduku kinapima sauti. Maji yenye alama yanapima siku nzima ya mwimbaji, na siku ya mwimbaji ina mengi zaidi ya sauti.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuimbia. Ili asikike mbali, ndege hupanda kwenye tawi la juu lililo wazi, na huko kuna upepo. Mwaka 2005 Sally Ward na Peter Slater wa Scotland walipima hali hiyo kwa ndege mdogo wa kijani-kijivu wa Ulaya, ambaye majira ya baridi ya kwao hushuka Afrika na kuonekana kwenye miti ya Tanzania. Waliona kwamba kwenye kijiti chake cha kuimbia hupoteza joto zaidi kuliko angekuwa ndani ya majani, na mwili wake lazima uchome chakula zaidi kulirudisha. Kwa aliyewahi kusimama kwenye uwanda wa Lukwangule, juu ya milima ya Uluguru, asubuhi ya mwezi Julai, upepo ukipenya sweta, hilo halihitaji maelezo.

Jambo la pili ni adui. Sauti inayomfikia jike inamfikia pia tai.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni muda. Chozi aliyehitaji saa 4 za kunywa hawezi kuimba katika saa hizo, kwa sababu mdomo uko ndani ya ua. Kila dakika ya wimbo lazima itoke mahali. Inatoka kwenye kula, au kwenye kupumzika, au kwenye kulisha makinda.

Kwa nini alfajiri, tumbo likiwa tupu?

Wasomaji wengi huliuliza hili, na kweli linashangaza. Ndege amelala saa kumi na mbili bila kula. Morogoro iko karibu na ikweta, hivyo usiku wetu hauna msimu wa kufupika sana kama wa Ulaya. Mwaka mzima ndege wa hapa hufunga karibu nusu ya siku. Mwenye uzito wa gramu 10 anaamka akiba yake ya mafuta ikiwa imepungua sana. Ungetegemea akimbilie chakula. Badala yake anaimba.

Sehemu ya jibu ni kwamba bado ni giza. Wadudu hawaonekani na hawajachangamka, kwa hiyo muda ule hauna kazi nyingine nzuri. Hewa nayo imetulia, sauti inakwenda mbali. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Ndege hajui usiku utakuwa wa baridi kiasi gani, kwa hiyo jioni hujiwekea akiba ya kutosha usiku mbaya. Usiku ukiwa mzuri, asubuhi kuna kilichobaki, na hicho ndicho anachokiimbia.

Hili limejaribiwa. Mwaka 1990 Innes Cuthill na mwenzake Macdonald waliwaongezea chakula ndege weusi wa bustani za Uingereza, na walioongezewa wakaimba muda mrefu zaidi alfajiri. Robert Thomas, pia wa Uingereza, alimpima uzito yule ndege wa kahawia wa Ulaya aliye maarufu kwa kuimba usiku. Matokeo yake ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba usiku aliouimba sana ndio aliokonda zaidi. Ndege huyohuyo msimu wa baridi wa kwao huja hadi kwenye vichaka vya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo wimbo wa alfajiri ni taarifa ya ghala. Jike anayesikiliza, na jirani anayesikiliza, wanajua kwamba huyu jana alikula vizuri, anajua maua yako wapi, na usiku haukumshinda. Aliyeamka na njaa anaweza kudanganya kwa dakika chache, kisha lazima aondoke akatafute chakula, na ukimya wake unasikika na wote.

*Kwa ufupi: ndege haimbi kwa sababu hana kazi. Anaimba kwa akiba aliyoiweka jana.*

Makinda nao

Watu husikia vifaranga vya ndege vikilia kwenye kiota chini ya bati na kudhani vinajichosha bure. John McCarty alivipima mwaka 1996 kwa ndege wa aina mbili huko Marekani. Kinda anayelilia chakula, shingo juu na mdomo wazi, hutumia nishati kama robo zaidi ya akiwa ametulia. Si nyingi. Lakini kinda anajenga mwili, na kila anachokitumia kulia kinatoka kwenye ukuaji. Rebecca Kilner alionyesha kwa chiriku, mwaka 2001, kwamba makinda waliofanywa walilie chakula muda mrefu zaidi, huku wakipata chakula kilekile, walikua polepole. Bei ileile inaonekana tofauti kulingana na nani anayeilipa.

Juu msituni: ndege aliyejulikana kwa sauti

Sasa tupande. Milima ya Uluguru ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Mmoja ni chozi wa Loveridge, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1922. Mwingine ni kipwe wa Uluguru, aliyepewa jina mwaka 1927. Kipwe huyu ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, na hukaa juu kabisa kwenye majani ya miti mikubwa, upande wa kaskazini wa milima. Kwa miongo mingi walimwengu walimjua kwa ngozi chache tu zilizohifadhiwa makumbusho. Anayekwenda kumtafuta kwa macho hurudi na shingo inayouma.

Watafiti walipofanikiwa kumhesabu, karibu na mwaka 2000, walitumia masikio. Ukiijua sauti yake, unaweza kutembea kwenye vijia vya msitu na kuweka alama kila mahali anapoita. Ndivyo lilivyopatikana kadirio la jozi 1,200 hivi, zote ndani ya msitu mmoja wenye kilomita za mraba zisizofika 100. Kila tunachokijua juu ya idadi ya ndege huyu, yeye mwenyewe ametulipia kwa pumzi yake.

Ndege wa misitu kama hii wana desturi tofauti na wale wa Ulaya. Kule mara nyingi kuimba ni kazi ya dume, na ni ya miezi michache. Hapa wengi hushika himaya mwaka mzima, na kwa spishi nyingi jike naye anaimba. Yupo ndege mdogo mwenye kichwa chekundu-kahawia aliyegunduliwa Uluguru na Reginald Moreau na kupewa jina la mkewe, Winifred, mwaka 1938. Dume na jike wake huimba wakipokezana, chini kwenye vichaka vizito ambamo hawaonani. Mmoja anaanza, mwingine anadakia, na msikilizaji hasikii pengo.

Kwa hesabu zetu, mpango huo una maana. Kazi ya kulinda inagawanywa kwa wawili na kutandazwa miezi 12, badala ya kubebwa na mmoja kwa majira machache. Tena ndege wa nchi za joto hutumia kidogo hata wakiwa wamekaa: Popko Wiersma na wenzake walipima ndege wengi Panama na kuona mwaka 2007 kwamba gharama yao ya kukaa iko chini ya ile ya ndege wa nchi baridi kwa karibu asilimia 18. Wanaishi polepole na kwa muda mrefu. Wanachokihitaji ili mpango huo ufanye kazi ni msitu unaobaki palepale, na majirani walewale ambao mipaka yao imeshajulikana.

Msitu ukikatwa pembezoni kwa ajili ya shamba, hesabu inavurugika kabla hata mti wa kiota haujaguswa. Ndege waliohamishwa wanasogea kwa jirani, mipaka inagombewa upya, na kila asubuhi inataka sauti zaidi na mbio zaidi kutoka kwenye chakula kilekile. Tangu mwaka 2008 misitu mikuu ya Uluguru imewekwa chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sehemu kubwa ya msitu wa miteremko ya chini ilikuwa imeshaondoka.

Mjini kwenye kelele

Ndege waliobaki mjini wana shida nyingine. Bodaboda, mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea na spika za maduka karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu huanza kazi wakati ndege nao wanaanza. Henrik Brumm alipima mwaka 2004 kwamba yule mwimbaji wa usiku wa Ulaya, akiwa kwenye mitaa yenye kelele ya Berlin, hupaza sauti hadi desibeli 14 zaidi ya wenzake wa sehemu tulivu. Je, kupaza sauti kunamchosha? Brumm alishirikiana na Sue Anne Zollinger na Franz Goller kulipima hilo kwa ndege mdogo wa maabara, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba kuimba kwa nguvu hakukuongeza oksijeni kwa kiwango cha kupimika.

Kwa hiyo kelele haimwibii ndege nishati moja kwa moja. Inamwibia msikilizaji. Sauti isiyofika lazima irudiwe, na kurudia ni muda.

Simu mfukoni

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaopanda mlima. Siku hizi mwongoza wageni ana sauti za ndege kwenye simu. Mgeni amesafiri kutoka mbali ili amwone kipwe wa Uluguru, ana asubuhi moja tu, na njia ya haraka ni kupiga rekodi yake kwa spika. Kipwe akisikia anadhani mgeni wa jamii yake ameingia kwenye himaya. Anaacha alichokuwa akifanya, anakuja, anaita, anatafuta mvamizi asiyekuwepo.

Mwaka 2013 Berton Harris na David Haskell walifanya jaribio la namna hii Ecuador, wakijifanya watalii. Mwanzoni ndege walijibu kwa nguvu na kuimba zaidi. Rekodi zilipoendelea siku baada ya siku, aina moja ya ndege hao ilizoea na kupunguza kujibu.

Siwalaumu waongoza wageni. Kazi hiyo inawalisha watu wa vijiji vinavyopakana na msitu, na mgeni aliyemwona kipwe ana sababu ya kuutetea msitu wake. Ila sauti ya ndege kwetu ni ya bure, na muda wake yeye si wa bure. Ningependa tukubaliane haya kwenye vijia vya Uluguru:

- Sikiliza kwanza. Akiwa anaita mwenyewe, simu haina kazi.
- Ukilazimika, piga mara moja, kwa muda mfupi, kisha nyamaza. Akijibu, zima kabisa.
- Usipige kabla ya jua kupanda. Hizo ndizo dakika anazotumia akiba ya jana.
- Usipige karibu na kiota, wala pale ambapo kundi jingine limepita asubuhi hiyohiyo.
- Ukiwa na wageni wengi kwa wiki, badilisha njia, ili jozi moja isibebe wageni wote.

Mwongozaji mzuri hahitaji rekodi mara nyingi. Anajua jozi gani hukaa kwenye bonde gani na huanza kuita saa ngapi. Humpeleka mgeni wake pale kabla ya muda huo, wakakaa kimya chini ya miti na kusubiri.